Je, Mtu Akiandika Wosia Anajichuria?

Ndugu msomaji, katika mitaa yetu ya Buzuruga na Nyakato yapo maneno ambayo mtu akiyatamka nyumbani huambiwa anyamaze. Mojawapo ni neno wosia. Baba akiwaita watoto na kusema, "Nataka tuandike mambo yatakavyokuwa nikifa," mama hushika kichwa, mtoto mkubwa hutazama chini, na jirani akipata habari husema kwamba mzee amekwisha kuona kitu. Basi neno huachwa. Watu hujenga nyumba, hununua kiwanja Buswelu, huweka ng'ombe kwa ndugu aliyeko Kwimba, huwa na fedha benki, na katika kikoba, na katika simu. Lakini hawaandiki hata mstari mmoja wa kueleza nani atapata nini, na nani anadaiwa nini.

Sisi twataka kulitazama jambo hili kwa upande wa haki kwanza, na sheria ifuate nyuma. Aliye hai ana wajibu gani kwa mambo yatakayotokea siku ambayo yeye hayupo? Wapo wasemao, "Mimi nikifa nimekwisha, wataelewana wenyewe." Na wapo wasemao, "Mali ni yangu, nitampa nimtakaye, na asiyetaka shauri yake." Maneno haya mawili yaonekana kupingana, lakini twadhani yana mzizi mmoja. Yule wa kwanza hamfikirii anayebaki, na yule wa pili naye hamfikirii.

Tuanze na huo uchuro. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, na watu zaidi ya 800 wakafa. Baadhi yao wamezikwa hapa Igoma, nasi tupitao barabara ya Musoma twalijua kaburi lao. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka ilipokuwa inakaribia kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya 200. Wengi wao walikuwa wakitoka mnadani au sokoni na mizigo yao, watu wa kazi, wenye afya, wenye watoto shuleni. Hatujapata kusikia mtu yeyote akisema kwamba waliokufa ni wale walioandika wosia, na walioogolea wakapona ni wale ambao hawakuandika.

Wala Kanisa halikuliona jambo hili kuwa la uchuro. Katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, ambacho Waanglikana wa nchi nyingi wamekirithi, liko agizo kwa kasisi aendaye kumzuru mgonjwa. Akiisha kumwuliza habari za imani na toba yake, ameagizwa kumwonya, kama bado hajapanga mambo ya mali yake, afanye wosia, tena ataje madeni yake, anayodaiwa na anayodai, ili dhamiri yake itulie na watakaosimamia mali wapate amani. Kisha limeongezwa jambo ambalo twapenda kulikazia: watu wakumbushwe mara kwa mara kufanya hivyo wangali wazima. Kwa hiyo kasisi akilisema neno hili mimbarani asidhaniwe kuwa ametoka katika kazi yake. Twasoma pia habari za mfalme Hezekia, aliyeambiwa na nabii Isaya aiweke nyumba yake sawasawa kwa kuwa mwisho wake umefika. Naye baada ya kuomba akaongezewa miaka 15. (Hatusemi kwamba wosia huongeza umri. Ahithofeli naye aliiweka nyumba yake sawasawa, kisha akajinyonga.)

Sababu ya pili ambayo watu huitoa ni nzito kuliko uchuro, nayo ni hii: "Ukoo upo. Ukoo utajua la kufanya." Hapa yatupasa tuwatendee haki wazee wetu, maana wapo siku hizi wanaousema ukoo kana kwamba ulikuwa kundi la wanyang'anyi tangu mwanzo. Sivyo. Hapo zamani kikao cha ukoo kilikuwa chenyewe ndicho wosia. Mali ya mtu ilikuwa mbele ya macho ya watu wote: shamba lenye mipaka inayojulikana, maghala ya nafaka, na ng'ombe ambao kila mmoja alijulikana ametoka wapi, yupi ni wa bukwi ya dada fulani na ataoa mke wa kaka gani. Hapakuwa na haja ya karatasi kwa sababu kumbukumbu ilikuwa vichwani mwa watu kumi au ishirini, nao walisemezana wazi. Na jambo kubwa zaidi ni hili, kwamba aliyerithi ng'ombe alirithi pamoja nao kazi ya kuwalisha wajane, kuwaoza vijana na kuwatunza yatima. Mtu aliyechukua ng'ombe akawaacha watoto wa nduguye walale njaa alikuwa anaaibika mbele ya watu ambao angekutana nao kesho kisimani na mnadani.

Sasa mambo mawili yamebadilika kwa wakati mmoja, nasi twaona matata yote yametoka hapo. Kwanza, mali imeingia gizani. Kiwanja kina hati, na hati imo kabatini. Fedha zimo katika simu yenye namba ya siri. Mtumbwi uko Mwaloni kwa jina la mshirika. Mafao yako katika mfuko wa hifadhi. Ukoo hauvijui vitu hivi, na mara nyingi hata mke havijui vyote. Pili, mali na wajibu vimeachana njia. Baba mdogo hutoka mbali siku ya msiba, huketi kikao, huchukua gari na funguo za nyumba, kisha hurudi kwake. Wale watoto hatakutana nao kisimani. Amechukua ile nusu ya desturi iliyompendeza, na nusu nyingine ameiacha mlangoni.

Tumehudhuria vikao vingi vya namna hiyo baada ya kuanua matanga, na msomaji naye amehudhuria. Mjane yumo chumbani na shuka mabegani. Nje, chini ya turubai, watu wanaulizana karatasi ziko wapi. Mmoja amekwisha kuishika simu ya marehemu. Mwingine anasema kwamba marehemu alimwambia, wakiwa wawili tu, kuwa shamba la Magu ni lake. Nani atambishia? Mwenye kuweza kumbishia amelala kaburini. Mara nyingi huyo msemaji si mwongo. Pengine marehemu alitamka jambo kama hilo siku moja akiwa amefurahi. Lakini neno lililosemwa kwa furaha mbele ya mtu mmoja haliwezi kubeba uzito wa nyumba nzima.

Na ikiwa hakuna wosia, ni kanuni gani hutumika? Wengi wetu hudhani kwamba kwa kuwa tulibatizwa na kufunga ndoa kanisani, basi iko "sheria ya Kikristo" itakayogawa mali zetu. Iko sheria ambayo Wakristo wengine hutumiwa, ile Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, iliyoletwa na Waingereza. Kwa sheria hiyo mjane hupata theluthi moja na watoto theluthi mbili. Lakini kwa Mkristo Mwafrika mahakama hutazama namna marehemu alivyoishi na nia aliyoionyesha, wala cheti cha ubatizo peke yake hakitoshi. Akionekana kuwa aliishi kwa desturi za kabila lake, basi hutazamwa zile kanuni za urithi za kimila ambazo Serikali ilizichapisha mwaka 1963. Katika kanuni hizo mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa ametangulia, wana wengine wa kiume wamefuata, na mabinti wamewekwa daraja la tatu na la mwisho. Na mjane je? Imeandikwa kwamba hana fungu la urithi ikiwa mumewe ameacha watu wa ukoo wake; fungu lake ni kutunzwa na watoto wake.

Waliojua uzito wa maneno hayo ni wajane wawili wa mkoa jirani wa Shinyanga, mafundi cherehani, walioolewa kwa mila ya Kisukuma. Mume wa mmoja alikufa mwaka 1999 na wa mwingine mwaka 2000. Ndugu wa waume waliishika mali, na wajane wakatolewa pamoja na watoto katika nyumba walizokuwa wakikaa. Walikwenda Mahakama Kuu, nayo mwaka 2006 ikakubali kwamba kanuni zile zinawabagua wanawake, lakini ikakataa kuzifuta, ikihofu kwamba kila kabila litaletwa mahakamani na desturi zake. Wakakata rufaa. Mwaka 2010 rufaa ikatupwa kwa kasoro ya tarehe katika karatasi za mahakama. Hatimaye shauri likafika kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ihusuyo haki za wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema kwamba haki zao zilivunjwa, na kwamba kanuni hizo zibadilishwe. Hesabu, ndugu msomaji: tangu mume wa kwanza alipokufa hadi siku hiyo ni miaka 15 na zaidi. Mtoto aliyekuwa mgongoni alikwisha kuwa na ndevu.

Hatusemi kwamba ukurasa mmoja wa maandishi ungalizuia kila kitu. Lakini kanuni zile zile za 1963 zinamruhusu mtu kuacha wosia, na kumpa kwa wosia yule ambaye desturi ingemsahau. Hilo ndilo jambo ambalo twataka wanaume wa parishi hii walisikie. Mlango ulikuwa wazi kwa waume wengi kama hao, nao hawakupita, pengine kwa sababu hawakuujua.

Mfano wa aliyepita mlango huo tunao, tena kesi yake iliamuliwa hapa hapa Mwanza. Katika wilaya ya Muleba, upande wa pili wa ziwa, mzee mmoja alimwachia binti yake shamba la ukoo kwa wosia halali. Binti akazeeka, hana wa kumtunza. Tarehe 24 Agosti 1988 aliliuza shamba kwa shilingi 300,000. Kesho yake mpwa wake akafungua shauri kwamba mwanamke hana ruhusa kuuza ardhi ya ukoo, ana ruhusa ya kuitumia tu. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia mpwa. Ya Wilaya ikakataa. Na Mahakama Kuu, Mwanza, mwezi Februari 1990, Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume, kwa kuwa Katiba yetu tangu mwaka 1984 imeandikwa haki za binadamu ndani yake. Wanasheria huijua kesi hiyo kwa jina la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, nayo husomwa katika vyuo vya nchi nyingi.

Watu wakiisimulia kesi hii humtaja jaji, na kweli alifanya kazi kubwa. Sisi twamfikiria pia yule baba. Hatujui alikuwa mtu wa namna gani. Lakini twajua kwamba siku moja alitazama desturi inayosema binti yuko daraja la tatu, akamtazama na binti yake, akaamua kuandika. Kama asingaliandika, pasingalikuwa na shamba la kuuza, wala kesi, wala hukumu. Na tazama alivyoona mbali: msaada ule ulimfikia binti uzeeni, wakati ambapo hakuwa na mtu mwingine wa kumtegemea.

Hapa mtu anaweza kutuuliza: je, maana yake kila lililoandikwa ni la haki? La hasha. Wosia ni chombo, na mtu mbaya akikishika hufanya ubaya uliopigwa muhuri. Twawajua watu wanaotishia watoto kwa wosia kama mwalimu mkali anavyotishia kwa fimbo: "Nitakufuta!" Twajua pia wale wanaoandikishwa na mtu mmoja aliyeketi karibu na kitanda cha mgonjwa, na wengine wote wamezuiwa kuingia. Sheria yenyewe imeliona jambo hili. Katika kanuni za kimila baba hawezi kumnyima mwana urithi kwa hasira tu. Lazima ataje sababu, na sababu zenyewe zinajulikana, kwa mfano mwana aliyejaribu kumwua mzazi, au aliyezini na mke wa babaye, au aliyemtelekeza katika njaa na ugonjwa. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Tanzania iliutupa wosia wa marehemu Reginald Mengi, mfanyabiashara mashuhuri aliyefariki mwaka 2019. Miongoni mwa mambo yaliyoangaliwa ni afya ya marehemu wakati wa kuandika, kukosekana kwa shahidi wa upande wa ndugu, na watoto wake wakubwa kuachwa bila sababu kutajwa. Huyo alikuwa mtu mwenye uwezo wa kuajiri wanasheria wowote aliowataka. Basi sisi wenye vyumba viwili vya kupangisha tusidhani kwamba karatasi yoyote itafaa.

Zaidi ya sheria, liko swali la kile ambacho ni chetu kweli kugawa. Mwanamume huandika, "Nyumba yangu ya Buzuruga nampa fulani." Nyumba yako? Nani alikuwa akiamka saa kumi za usiku kukaanga maandazi wakati matofali yakinunuliwa? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuichuma mali ya familia. Kesi ile ilikuwa ya talaka, lakini haki ni haki hata pasipo talaka. Anayeandika wosia na aanze kwa kutenga kilicho cha mwenzake, kisha agawe kilichobaki. Na akina mama nao waandike. Umoja wa Mama umejaa wenye viwanja, cherehani, vibanda na hisa za vikoba, nao hudhani kwamba wosia ni wa wanaume wenye mvi.

Liko na jambo zito zaidi, ambalo kwa kawaida halisemwi katika magazeti ya kanisa, nasi twalisema kwa upole. Ni mtoto aliye nje. Siku ya mazishi, jeneza likiwa limefunguliwa, huingia kijana asiyejulikana aliye na uso ule ule wa marehemu, na mama yake nyuma. Mke aliyevaa kaniki hujua siku hiyo, mbele ya watu mia tatu, jambo ambalo mumewe alilijua miaka 20. Yule kijana hana kosa hata moja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza mtoto kunyimwa kufaidika na mali ya mzazi wake, wala haikusema mtoto wa ndani au wa nje. Aliye na siri ya namna hii akiketi kuandika wosia kwa kweli atafika mahali ambapo kalamu itakataa kwenda, na hapo atalazimika kuchagua. Twadhani ni kwa sababu hii, kuliko uchuro wowote, kwamba wanaume wengi hawaandiki. Nasi twasema: mwambie mkeo ukiwa hai. Itakuwa wiki mbaya, pengine mwaka mbaya. Lakini utakuwapo kujibu maswali, na kulia pamoja naye, na kuomba msamaha. Mambo ambayo jeneza haliwezi.

Madeni. Watu wakisikia wosia hufikiri mgawo tu, walakini Kitabu cha Sala kilitaja na madeni, tena kikataja sababu, yaani dhamiri. Umekopa kwa mama muuza dagaa shilingi elfu arobaini, hakuna karatasi, ukafa. Yule mama ataogopa kuja kudai msibani ataonekana hana utu. Basi umemwibia, nawe ulikuwa mzee wa kanisa. Kwa upande mwingine, wako waliokopa kwako nao watanyamaza, na watoto wako watalipa karo kwa shida huku mdaiwa akipita na pikipiki mpya. Daftari la kurasa nne lingalitosha. Andika na mikopo ya SACCOS na jina la mdhamini wako, maana huyo ndiye atakayebanwa.

Habari ya maziko nayo huandikwa. Twakumbuka kesi ya wakili Silvano Melea Otieno wa Kenya, Mjaluo, mtu wa ziwa hili hili. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986 bila kuacha wosia wa maandishi. Mkewe, Wambui, alisema mumewe alimwambia kwamba azikwe shambani kwao karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao. Mwili ukakaa karibu miezi mitano hadi Mahakama ya Rufani ilipoupa ukoo ushindi mwezi Mei 1987, akazikwa Nyalgunga, Siaya. Huenda hata wosia usingaliwanyamazisha wote, kwa maana ukoo ulisema desturi iko juu. Lakini mjane asingalisimama mahakamani kuulizwa kama kweli alisikia alichosikia. Marehemu alikuwa wakili, mtu aliyewaandikia wengine maneno yao maisha yake yote!

Sasa namna ya kuandika, kwa ufupi, maana mwanasheria au ofisi ya msaada wa sheria itaeleza vizuri kuliko sisi. Andika kwa wino au kwa mashine, utaje jina lako, tarehe, na kwamba una akili timamu wala hukushurutishwa. Ikiwa wosia uliopita upo, sema kwamba umeufuta. Taja mali kwa alama zake: namba ya kiwanja, mipaka ya shamba, idadi ya ng'ombe na wanakokaa. Kwa kanuni za kimila, anayejua kusoma awe na mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua kusoma awe na wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Tena mke awepo. Wote watie sahihi wakiwa pamoja. Aliyepewa kitu katika wosia asiwe shahidi. Kisha usiufiche chini ya godoro, kwa kuwa siku ya msiba godoro ndilo hutolewa nje kwanza. Uweke kwa wakili, benki, au kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, ambao kazi yao mojawapo ni kuhifadhi wosia. Na mtu mmoja mwaminifu aambiwe uliko.

Halafu chagua msimamizi, na hapa twaomba msomaji asimame kidogo. Msimamizi wa mirathi si mrithi. Jambo hili halijulikani, nalo limeangusha nyumba nyingi. Kaka mkubwa hupewa barua ya usimamizi na mahakama, naye hurudi nayo nyumbani kama mtu aliyepewa hati ya kumiliki. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa wanaostahili, kisha kurudisha hesabu mahakamani na kuondoka. Anafanana na mwalimu wa zamu anayetunza funguo za stoo: funguo anazo, mahindi si yake. Kwa hiyo usimchague kwa ukubwa wa umri wala kwa sauti yake kikaoni. Mchague anayejua kuandika hesabu na ambaye hajawahi kuchelewa kurudisha alichoazima.

Limebaki swali moja ambalo sisi wenyewe tumelijadili sana bila kuafikiana: je, wosia usomwe kwa watoto mzazi angali hai? Wengine husema hapana, kwa maana aliyepewa kidogo ataanza kununa leo, na aliyepewa nyumba ataanza kuitazama. Tena liko lile jambo la kutisha, kwamba aliyeahidiwa anaweza kuchoka kungoja. Hoja hizi si za kudharauliwa. Hata hivyo sisi twaegemea upande wa kuusoma, walau ile sehemu ya mgawo, kwa watoto waliokwisha kuwa watu wazima. Baba akisema, "Kiwanja hiki nampa dada yenu kwa kuwa ndiye aliyeacha kazi Geita akarudi kumwuguza mama yenu," watoto wa kiume wanaweza kubisha, naye akajibu, na pengine wakamweleza jambo asilolijua, akabadilisha. Karatasi ikisomwa baada ya maziko haiulizwi kitu. Mwenye watoto wapole na afanye hivyo. Mwenye mtoto ambaye amekwisha kumtishia na aonane kwanza na kasisi wake, na mwenyekiti wa mtaa, kabla hajamwonyesha mtu karatasi yoyote.